Kamera za mkanda za kujitengenezea: kopo, kiberiti na boksi chini ya jua letu (uzi mrefu)

KopoTupu

Wakuu, heshima kwenu.

Kila uzi wa kamera za mkanda humu huishia pale pale: nani anauza, bei gani, shata inafanya kazi au imekufa. Leo hizo tuziache. Huu ni uzi wa kamera ambazo hakuna duka linaziuza, unazitengeneza mezani kwako kwa kopo la maziwa ya unga, kiberiti au boksi la viatu. Niko kwenye mchezo huu muda sasa, na wanaotaka kuanza nina neno moja kwao: maelekezo yaliyojaa mtandaoni ni mazuri, lakini wengi walioyaandika wana mawingu mengi na maji ya bomba ya baridi. Ukiyachukua jinsi yalivyo ukayatumia Dar, Tanga au Mombasa, utaunguza mkanda halafu useme kopo halifai.

Tuanze na tundu, maana ndilo lenzi yako. Kata kipande cha bati la kopo la soda, ukubwa wa stempu. Kilaze juu ya kadibodi, bonyeza ncha ya sindano nyembamba ya kushonea bila kuipitisha, mpaka upande wa pili uote kijipele. Geuza, sugua kijipele kwa msasa laini kabisa, ule wa maji. Bonyeza tena, sugua tena, mpaka mwanga upite. Ukitoboa kwa nguvu mara moja, kingo zinabaki na makunyanzi na picha inatoka na ukungu. Upande wa ndani upitishie moshi wa mshumaa uwe mweusi. Kupima ni rahisi: kilaze kibati kwenye skana ya dpi 2400, kuza picha, hesabu vidoti kutoka ukingo hadi ukingo. Kila kidoti ni milimita 0.0106 hivi, kwa hiyo tundu la milimita 0.3 litakuwa na vidoti kama 28.

Kwa nini 0.3? Inategemea umbali kutoka tundu hadi mkanda. Chukua umbali huo kwa milimita, zidisha kwa 0.00055, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.9. Umbali wa milimita 50 unakupa tundu la 0.3 hivi. Milimita 100, ambayo ni kama upana wa kopo la maziwa ya unga, inakupa 0.45. Tundu likizidi ukubwa, picha inafifia. Likizidi udogo pia inafifia, kwa sababu mwanga ukibanwa sana hutawanyika. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanadhani dogo zaidi ndiyo kali zaidi.

Jambo lenyewe si geni. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo karne ya 11, alishaandika jinsi jua lililopatwa linavyojichora likipita kwenye tundu dogo. Na waliokuwa Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete, kama kuna aliyeangalia chini ya mti badala ya juu, aliona vidoa vyote vya mwanga vimegeuka pete. Kila upenyo kati ya majani ulikuwa kamera.

Karibuni. Maswali ruksa, ubishi ruksa.

Mbishi wa Mtaa

Mkuu, simu yangu ya laki tatu inapiga picha saa tatu usiku na mbuzi mweusi anaonekana. Hilo kopo lina faida gani?

KopoTupu

Faida hakuna, mkuu. Kuna watu wanafuga njiwa.

Jirani wa Thika

Sasa wadau. Mimi niko Thika, nataka kuanza na ile ya kiberiti kwa sababu nina mkanda mmoja wa ISO 200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa mkanda kupokea mwanga) umekaa kwa friji. Kila mahali wanasema nje upige sekunde moja au mbili. Niko sawa?

KopoTupu

Jirani, hapo ndipo nilipokuwa nataka tufike. Tufanye hesabu badala ya kukariri.

Kiberiti kina kina cha milimita 15 hivi. Tundu la 0.2. Gawanya: 15 kwa 0.2 ni 75, hiyo ndiyo f/75. Wapiga picha wana kanuni ya zamani kwamba jua likiwa wazi, kwenye f/16 muda ni moja chini ya ISO, yaani kwa mkanda wako ni 1/200 ya sekunde. Kutoka f/16 hadi f/75 ni mara 4.7, na mwanga unapungua kwa mraba wake, yaani mara 22. Basi 22 gawanya kwa 200 ni karibu 1/9 ya sekunde. Hakuna kidole kinachofungua na kufunga kipande cha kadibodi kwa 1/9 ya sekunde.

Sasa weka wingu zito. Mwanga unapungua mara nane hadi kumi na sita, na 1/9 inakuwa sekunde moja, pengine mbili. Umeona ile sekunde moja au mbili imetoka wapi? Ni sahihi kabisa, kwa anga la Manchester.

Dawa ziko kadhaa. Mkanda wa rangi wa negativu unavumilia kuzidishiwa mwanga, kwa hiyo hata sekunde nzima unaweza kuokoa picha, ingawa anga litakuwa limechomeka. Ukitumia mkanda wa ISO 50, muda unafika karibu nusu sekunde, na hiyo inashikika. Au piga kivulini, barazani, au saa kumi na mbili jioni. Mimi napendelea kuacha kiberiti na kwenda kwenye kopo kubwa lenye karatasi ya picha (ile yenye dawa ya chumba cha giza, si ya printa) badala ya mkanda. Karatasi ni nzito kupokea mwanga, ISO 6 hivi. Kopo la milimita 100 lenye tundu la 0.45 ni f/222, na ukipiga hesabu ile ile unapata kama sekunde 32 kwenye jua kali. Nusu dakika! Unafungua kizibo, unakaa, unafunga. Jua letu linalotusumbua kwenye kiberiti ndilo linaloifanya karatasi itumike bila kusubiri robo saa.

Sisimizi77

Kabla hamjakimbilia makopo, mtu aeleze kiberiti kinafungwaje. Tuko wengi tunaosoma kimya.

KopoTupu

Sawa. Toa ile droo ya ndani, kwenye sakafu yake kata dirisha la mraba, milimita 24 kwa 24, kwa wembe mpya. Hilo ndilo fremu ya picha. Ganda la nje toboa katikati shimo la milimita 6 na juu yake bandika kile kibati chenye tundu. Mkanda unapita kati ya sakafu ya droo na ganda, upande wa pili wa tundu, ule upande wake usiong'aa ukitazama tundu. Pima kwanza kabla hujanunua boksi zima: mkanda una upana wa milimita 35, na viberiti vingine ni vyembamba, mkanda unajikunja.

Kushoto unaweka kopo la mkanda mpya, kulia kopo tupu lenye ulimi wa mkanda wa zamani unaochungulia. Yale matupu omba kwa studio wanaosafisha picha, wengi huyatupa. Unaunga ncha kwa ncha kwa solotepu, pande zote mbili, kisha unafunga kila kona kwa tepu nyeusi. Tepu ya umeme safu moja hupitisha mwanga, weka mbili au tatu.

Sasa utajuaje umesogeza mkanda kiasi gani, wakati huoni ndani? Nenda steshenari uombe kile kipete cha plastiki cha kufungia ripoti, kata jino moja, ulichonge ncha, ulibandike juu ya kopo la mkanda mpya ili ncha idondokee kwenye matundu ya pembeni ya mkanda. Ukizungusha, linalia: tik. Kila tik ni milimita 4.75. Kwa fremu ya milimita 24 unahitaji tik sita, inabaki nafasi kidogo kati ya picha na picha. Mkanda wa picha 36 utakupa zaidi ya hizo.

Mzee wa Taa Nyekundu

Vijana wangu, nimefurahi. Nilifanya kazi chumba cha giza cha eksirei mpaka mashine za kidijitali zilipotuondoa. Naona mmesahau kitu kilicho karibu nanyi: filamu ya eksirei. Ile ya zamani ya kusafishwa kwa dawa za maji inafaa sana kwa kamera ya boksi. Inakatika kwa mkasi ukubwa wowote na unaishughulikia chini ya taa nyekundu, huhangaiki gizani kama kwa mkanda wa kawaida. ISO yake ni 100 au chini kidogo.

Lakini ina dawa pande zote mbili, kwa hiyo inakwaruzika ukiigusa vibaya. Weka kioo kwenye sakafu ya trei yako, usiiburute, igeuze kwa vidole safi. Na mtu asiwauzie ile filamu kavu inayochapwa na mashine za sasa. Ile haipokei mwanga wa kamera, ni karatasi ya kuchapia tu.

Jingine ni joto. Maji ya bomba ya pwani ni nyuzi 28, wakati mwingine 30. Dawa inakimbia na utando wa filamu unalainika, ukiugusa unachubuka. Sisi tulikuwa tunaweka trei ndani ya beseni la maji ya barafu na kipimajoto pembeni.

Sisimizi77

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya filamu kavu imeniokoa, nilikuwa nimeahidiwa boksi.

Mzee wa Taa Nyekundu

Marahaba. Muulize kwanza: inasafishwa kwa developa (dawa ya kutoa picha) na fiksa (dawa ya kuikaza picha isiharibiwe na mwanga), au inatoka kwenye mashine tayari? Jibu la pili, rudi nyumbani.

Kahawa Chungu

Kwa upande wa dawa, naomba niseme, kwani natokea Bukoba na suala la kahawa siwezi kunyamaza.

Developa unaweza kuipika. Mwaka 1995 darasa la Scott Williams pale Rochester Institute of Technology, Marekani, lilionyesha kwamba kahawa ikichanganywa na magadi inasafisha filamu. Baadaye watu wakaongeza vitamini C. Mchanganyiko unaotumika sana kwa lita moja ya maji: magadi ya kufulia yaliyokauka kabisa gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, kahawa ya kuyeyuka papo hapo gramu 40. Nyuzi 20, dakika 15. Anza na magadi, yakiyeyuka weka vitamini C (itachemka mapovu), mwisho kahawa. Subiri mapovu yaishe ndiyo umimine. Harufu yake inahamisha majirani, msifanyie jikoni mkiwa na wageni.

Wanaofanya huko nje wanasisitiza kahawa ya bei nafuu yenye robusta, kwa sababu robusta ina asidi za klorojeni nyingi kuliko arabika, na hizo ni sehemu ya kinachofanya kazi. Sisi Kagera robusta ndiyo kilimo chetu, na Africafe inatengenezwa hapa hapa Bukoba. Kwa mara hii moja, sisi tuko karibu na duka kuliko wao.

Ila angalieni magadi. Yale ya sokoni tunayowekea maharage yaive ni trona, jinsi yanavyotoka Ziwa Natron au Ziwa Magadi. Ndani yake kuna bikaboneti, ambayo inapunguza ukali, na filamu inatoka hafifu. Yakaange kwenye sufuria kavu, moto wa kutosha, ukikoroga, mpaka yawe unga mweupe mkavu. Mizani ya jikoni itakuambia: gramu 100 za magadi safi zikishuka hadi 70 hivi na hazishuki tena, yameiva. Soda ya kuokea mikate nayo inafaa kwa njia hiyo hiyo kwenye oveni ya nyuzi 200, gramu 100 zinabaki kama 63. Vitamini C iwe unga mtupu. Vidonge vya kutafuna vina sukari na rangi, vile vya kutoa povu ndani ya glasi vina vikorokoro vingine.

Kwa joto letu: nyuzi 24 punguza hadi dakika 10 na nusu hivi. Juu ya hapo mimi natumia barafu kama mzee alivyosema.

Jirani wa Thika

Na fiksa? Tunapika na chumvi?

Kahawa Chungu

Chumvi nyingi sana inafanya, lakini polepole mno, na matokeo huwezi kuyaamini. Nunua hypo, yaani sodiamu thaiosulfeti, dawa ya kawaida ya kufiksi. John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba inayeyusha chumvi za fedha, na hadi leo hatujapata bora kwa bei ile. Iliyotumika ina fedha ndani yake, usimwage kisimani wala kwenye bustani ya mchicha.

Bint Makunduchi

Asalaam alaykum. Mimi hobi yangu ni moja tu, jua. Kopo la soda, karatasi ya picha ndani, tundu, unalifunga mahali miezi. Hakuna kusafisha. Jua linajichora lenyewe, mstari mmoja kwa siku. Pale Bayfordbury, chuo cha Hertfordshire, Uingereza, kopo moja la bia la Regina Valkenborgh lilisahauliwa kwenye kuba la darubini tangu 2012 na likaja kutolewa 2020. Lilikuwa na mistari 2,953 ya jua.

KopoTupu umesema kweli kuhusu maelekezo ya wenzetu. Wanasema elekeza kopo kusini. Ukifanya hivyo Unguja au Dar, nusu ya mwaka jua liko nyuma ya kopo! Kwa Dar, jua la saa sita mchana mwezi Juni liko nyuzi 30 kutoka utosini upande wa kaskazini, Desemba liko nyuzi 17 upande wa kusini, na mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba liko utosini kabisa. Wengine wakashauri elekeza mashariki. Ni afadhali, ila kopo lililosimama linaona hadi nyuzi 41 hivi juu ya upeo, na jua letu linapanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Kufika saa tatu asubuhi limeshatoka nje ya picha.

Lilazeni. Kopo lilale ubavu, urefu wake uelekee kaskazini na kusini, tundu litazame mbinguni. Karatasi izunguke ndani yote isipokuwa pale penye tundu. Hapo jua linachomoza upande mmoja wa karatasi na linazama upande wa pili, siku nzima imo, na ule mwendo wa Juni hadi Desemba unaingia wote katika urefu wa kopo. Mistari inatoka karibu kunyooka. Huko kwao hawawezi kupata hii, jua lao haliji utosini.

Tatizo la tundu kutazama juu ni mvua. Mimi naweka kipande cha kioo cha fremu ya picha juu, kimeinama kidogo, na kopo halimo masika. Nalitega Juni, nalitoa Desemba.

KopoTupu

Dada, hii ya kulaza nimeisoma mara mbili. Asante sana, naomba radhi kwa kuteka wazo lako, kopo langu la darini linalazwa leo.

Jirani wa Thika

Kwa Nairobi na Thika itakuwa hata sawa zaidi, sisi tuko nyuzi moja tu kusini ya ikweta. Juni na Desemba zitakaa karibu sawa pande zote mbili.

Sisimizi77

Sasa mimi nauliza la usalama. Kopo limefungwa tepu nyeusi, lina katundu, liko juu ya ukuta wa mtu. Mtaani kwetu hiyo ni ndumba, moja kwa moja. Balozi ataitwa.

Bint Makunduchi

Si kwenu tu. Februari 2016, Atlanta, Marekani, wanafunzi wa chuo walibandika makopo ya namna hiyo darajani kwa somo la sanaa, polisi wakafunga barabara kuu na moja likalipuliwa wakidhani ni bomu. Weka kwako, au kwa ruhusa, na andika juu yake ni nini na namba yako. Mbali kabisa na ofisi za serikali, bandari na kambi.

Mbishi wa Mtaa

Nimerudi. Nimesoma habari za mzee mmoja wa Czech, Miroslav Tichý, alijitengenezea kamera kwa maboksi na mabomba ya kadibodi, lenzi akaichonga mwenyewe na kuing'arisha kwa dawa ya meno na jivu. Huyo namkubali kuliko nyie wote wa hesabu.

Bint Makunduchi

Tichý alikuwa fundi, hilo halina ubishi. Lakini kile alichokuwa akipiga? Wanawake wa mji wake wa Kyjov, kwa kuvizia, wengine wakidhani kamera ile ni ya kuigiza. Maonyesho makubwa yakamsifu uzeeni. Mimi sioni sanaa inayozidi ruhusa ya mtu. Kamera isiyofanana na kamera inakupa nafasi ya kumpiga mtu asijue, na ndiyo maana inabidi umwambie mara mbili.

Mbishi wa Mtaa

Hapo sina la kubisha, ajabu.

KopoTupu

Na kwa kopo la sekunde 32 lazima umwambie tu, la sivyo atatembea na utapata ukuta mtupu.

Hapo hapo niongeze la picha za watu kwa karatasi. Karatasi ya picha huona bluu, nyekundu haioni, ndiyo maana taa nyekundu haiiharibu. Matokeo yake anga linakuwa jeupe, udongo mwekundu unakuwa mweusi, na ngozi zetu zinatoka nyeusi kuliko zilivyo, sura inapotea. Mkalishe mtu kivulini chenye anga wazi mbele yake, mwanga wa pale una bluu nyingi, na mpe muda mara mbili ya uliopima usoni pake. Usimweke juani akiwa amevaa kanzu nyeupe, utapata kanzu bila mtu.

Wanaotumia mkanda badala ya karatasi, kumbukeni ukizidi sekunde moja mkanda unachoka. Ilford, watengeneza mikanda, wanasema mkanda wao wa HP5 ukipima sekunde 10, uupe 20.

Sisimizi77

Kuna kaka yuko Muscat anakuja mwezi ujao, namwagiza mikanda. Mashine za uwanja wa ndege zinaharibu?

KopoTupu

Zile mpya za kukagua mizigo ya mkononi, zinazozungusha picha, zinaharibu mkanda wa ISO yoyote. Aombe ukaguliwe kwa mkono, aubebe kwenye mfuko unaoonyesha ndani. Asiuweke kwenye begi la chini, mashine za huko ni kali zaidi. Ukifika uweke kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na siku ya kuutumia uutoe saa kadhaa kabla ya kuufungua, la sivyo unyevu wa pwani unaganda juu yake.

Jirani wa Thika

Na ile siku ya dunia ya kamera za tundu mnaifanya?

KopoTupu

Jumapili ya mwisho ya Aprili, tangu 2001. Kwetu inaangukia masika, kwa hiyo siku hiyo toa kiberiti chako na upige zile sekunde mbili zao.

Sisimizi77

Swali la mwisho kwa dada wa makopo. Ukishalitoa Desemba, karatasi inaenda kwenye dawa?

Bint Makunduchi

Hapana! Ukiitia kwenye developa inageuka nyeusi yote. Ukiitia fiksa picha inafifia na rangi zake zinapotea. Itoe chumbani penye mwanga hafifu, ifute maji kwa kitambaa, iweke kwenye skana uso chini, na skani mara moja kwa ukubwa wote unaotaka, kwa sababu taa ya skana yenyewe inaiunguza. Usifanye ile skani ya majaribio ya kuangalia kwanza, izime kwenye programu. Halafu geuza rangi kwenye kompyuta. Karatasi yenyewe iweke ndani ya bahasha nyeusi.